Wauzaji wa sili na o-ringi, acheni kutuuzia raba zisizo na tarehe wala aina

Wakuu, heshima kwenu. Ninafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Katika maduka mengi ya spea hapa Dar es Salaam, mnunuzi wa sili na o-ringi, yaani zile pete za raba zinazozuia mafuta kuvuja kwenye mashine, hana njia yoyote ya kujua kitu anachokilipia kimetengenezwa kwa raba gani wala kina umri gani, na akithubutu kuuliza anaonekana msumbufu.

Karibuni kijana wa gereji aliniletea sili za jeki ya tipa kutoka duka moja ambalo sitalitaja. Moja ilikuwa imekwisha kuchukua umbo la yai, na nilipoikunja kidogo kwa vidole, ukingo wake ulifunguka mipasuko midogo midogo iliyopangana sambamba, ilhali mfereji wa ndani wa mdomo wake ulikuwa umejaa vumbi. Nilipozirudisha dukani nilikuta nyingine za aina hiyohiyo zimetundikwa kwenye msumari mlangoni, upande unaopigwa na jua la mchana, na jirani yake ni fundi wa kuchomelea mageti. Nikauliza zilitengenezwa lini. Nikajibiwa, "Mzee, raba haiozi," kisha nikaonyeshwa kibao kinachosema mali ikishauzwa hairudishwi.

Raba inazeeka, tena inazeeka hata ikiwa haijawahi kufungwa kwenye mashine yoyote. Oksijeni na joto huigeuza taratibu mpaka inakuwa ngumu au inanata, na ozoni, ile aina kali ya oksijeni iliyomo hewani, huipasua pale ilipovutwa au kukunjwa. Ndiyo maana kutundika sili kwenye msumari ni kosa kubwa kuliko linavyoonekana, kwa kuwa sehemu inayobeba uzito huwa imevutwa muda wote, na hapo ndipo mipasuko huanzia. Cheche za kuchomelea na mota za umeme zenye brashi huzalisha ozoni, na jua huongeza mionzi yake. Balaa zaidi ni kwamba raba iliyojaa kuliko zote madukani, yaani ya nitrili yenye alama ya NBR, ni hodari kwa mafuta ya mashine lakini ni dhaifu mno mbele ya jua na ozoni.

Haya si maoni yangu. Kiwango cha kimataifa cha ISO 2230 kinagawa raba katika makundi matatu kwa ajili ya kuhifadhiwa: raba asilia na poliurethani zimo katika kundi la miaka 5, nitrili katika kundi la miaka 7, na EPDM, silikoni na FKM, ambayo wengi tunaifahamu kwa jina la Viton, katika kundi la miaka 10. Baada ya hapo sili inaweza kukaguliwa na kuongezewa muda wa miaka 2, 3 au 5 kwa kufuata makundi hayo. Lakini miaka hiyo inahesabiwa kwa sili iliyofungwa kwenye pakiti, gizani, bila kukunjwa wala kutundikwa, mahali ambapo joto halizidi nyuzi 25. Mwezi wa pili hapa mjini joto la mchana hupita nyuzi 30 hata kivulini, sembuse chini ya bati. Kwa makadirio yanayotumiwa na watu wa fani, kila nyuzi 10 zinazoongezeka huweza kuifanya kasi ya kuzeeka iwe karibu maradufu.

Najua nitaambiwa kwamba kiyoyozi ni gharama. Hakuna aliyedai kiyoyozi. Tunachodai ni boksi lenye mfuniko, rafu ya chini iliyo mbali na bati, na sili zilizolazwa badala ya kutundikwa. Kuna muuzaji mwingine alinieleza kwamba amezitoa kwenye vifuko kwa sababu plastiki imepigwa marufuku. Marufuku ya Juni 2019 ilihusu mifuko ya kubebea, na vifungashio vya bidhaa za viwandani viliachwa, kwa hiyo kisingizio hicho hakina miguu.

Sasa nije kwenye aina ya raba, ambako hasara huwa kubwa zaidi. Jibu la kawaida kaunta ni kwamba zote ni nyeusi, zote ni sili. Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 yana asili ya glaikoli, na raba zake kwa kawaida ni EPDM. Raba hiyohiyo ikiguswa na mafuta ya injini, dizeli au petroli, inayanywa na kuvimba. Raba ya masta silinda, yaani pampu ya breki inayosukumwa na pedali, ikivimba huziba kile kitundu cha kurudishia mafuta, presha haiachii, breki zinashika zenyewe na ngoma zinaungua barabarani, na dereva anamlaumu fundi. Ukigeuza, ukaweka nitrili kwenye mafuta ya breki, nayo italegea na kuharibika. Na asikudanganye mtu kwamba ile ya bei kubwa inafaa kila mahali, kwani FKM inavumilia mafuta ya moto na petroli vizuri sana, lakini asetoni na mafuta ya breki huiharibu.

Rangi nayo si ushahidi, maana kila kiwanda huchagua yake. Hata unga mweupe juu ya sili mara nyingine ni nta ya kinga iliyojitokeza yenyewe, wala si dalili ya kuoza. Na wale mafundi wanaopima kwa kuchoma kipande na kunusa moshi, tafadhali acheni leo, kwa sababu FKM ikiungua hutoa haidrojeni floridi, ambayo ni sumu kali kwa mapafu na ngozi.

Kinachoniudhi kuliko yote ni kwamba taarifa hizi zote zilikuwepo. Sili kutoka kiwanda cha maana hufika na pakiti yenye alama ya aina ya raba, namba ya toleo, na tarehe ya kupikwa kwake, yaani raba ilipokomazwa kwa joto kiwandani, mara nyingi ikiandikwa kwa robo ya mwaka, kama 3Q19, yaani robo ya tatu ya 2019. Muuzaji anakata pakiti, anamimina sili kwenye kopo pamoja na za viwanda vingine ili auze mojamoja, na karatasi anaitupa. Hakuna anayezuiwa kuuza mojamoja. Kinachotakiwa ni kuacha kila aina kwenye pakiti yake na kunakili aina na tarehe kwenye risiti, kazi isiyozidi dakika moja.

Wenye maduka mliomo humu, naomba majibu ya wazi: mnazikata pakiti kwa sababu gani, na mteja akitaka tarehe na aina viandikwe kwenye risiti, nani kati yenu yuko tayari kuandika? Wakuu wengine, kama mnalifahamu duka linalouza sili zikiwa na pakiti zake, iwe Ilala, Mwanza au Arusha, wekeni hapa tukanunue huko.