Mrejesho: kibodi ya Morse iliyokuwa inavuruga herufi

Wakubwa, shikamoo kutoka Bukavu. Niliuliza hapa kwa nini kibodi yangu ya kutuma Morse kwa redio (herufi za nukta na mistari, yaani milio mifupi na mirefu) inafanya kazi vizuri kwa wati 5, lakini nikipandisha hadi 50 kwenye megahezi 14 herufi zinavurugika, na mara nyingine redio inabaki inatuma mlio mmoja usiokatika.

Wengi mlisema programu. Mmoja tu alisema nitoe antena, nifunge mzigo bandia (kifaa kinachomeza nguvu ya redio bila kuirusha hewani), nijaribu tena. Nikafanya hivyo: wati 50, herufi safi kabisa! Kumbe mawimbi ya antena yangu mwenyewe yalikuwa yanarudi ndani kupitia kebo ya USB. Antena ilipita juu ya mabati, mita mbili tu kutoka mezani (msinicheke, kiwanja cha mlimani huku ni kidogo). Nimeisogeza, na kebo nimeizungusha mara saba kwenye pete ya feraiti (inazuia mawimbi kupita kwenye kebo) niliyotoa katika televisheni mbovu. Kimya.

Limebaki tatizo la vidole. Kwa maneno 20 kwa dakika nukta ni milisekunde 60 na mstari 180; hayo mashine inayapima yenyewe. Ila nikisita kutafuta herufi, pengo linatokea katikati ya neno. Sasa naandika sentensi mbele, inasubiri kwenye kumbukumbu, ndipo naiachia.

Jana mtu wa Afrika Kusini alinijibu kwa ufunguo wa mkono (swichi ambayo mtu anabonyeza nukta na mistari mwenyewe). Mdundo wake ulikuwa mtamu kuliko wa kibodi yangu, nakiri.