Mama ana kisukari na anaona ukungu: miwani mpya au kupima retina kwanza?

MwanaUluguru: Wakuu, habari za humu. Mama ana miaka 58, kisukari aina ya 2 kimegundulika miezi miwili iliyopita. HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi michache) ilikuwa 10.8%. Ameanzishiwa metformini, sasa sukari ya asubuhi inacheza kwenye 7. Tangu ianze kushuka, kusoma kunamsumbua, ila mbali anaona vizuri. Duka la miwani wanataka kumtengenezea mpya, kituo cha afya wanasema akapimwe retina (utando wa ndani, nyuma ya jicho). Aanze na kipi?

Jicho_Kliniki: Retina kwanza, miwani isubiri. Sukari ikipanda na kushuka, maji huingia na kutoka kwenye lenzi ya jicho, hivyo umbo lake hubadilika na namba ya miwani nayo hubadilika. Wiki za mwanzo za dawa wengi hushindwa kusoma karibu, kama mama. Sukari ikishatulia wiki 4 hadi 6, hapo ndipo apimwe namba; akinunua leo, huenda mwezi ujao haimfai tena.

Retina ni suala jingine kabisa. Aina ya 2 hukaa mwilini miaka bila kujulikana, kwa hiyo kipimo hufanywa mara tu ugonjwa unapogundulika, kisha kila mwaka. Kusoma herufi za ukutani hakutoshi: vimishipa vya retina vinaweza kuwa vinavimba na kuvuja huku mtu anasoma hadi mstari wa mwisho.

Tena kwa mama kuna jambo la kuzingatia. HbA1c ya juu hivyo ikishuka haraka, retina iliyokwisha kuathirika inaweza kuzidi kuharibika miezi ya mwanzo. Asiache dawa hata kidogo, maana faida ya baadaye ni kubwa. Ila hali ya retina ijulikane sasa.

Muuguzi wa Macho: Siku ya kipimo aende na msindikizaji, miwani ya jua, orodha ya dawa na rekodi za presha. Atawekewa matone ya kupanua mboni, yanachukua kama dakika 20 hadi 30 kufanya kazi. Baada ya hapo, kwa saa 4 hadi 6 mwanga utamuumiza na vitu vya karibu hataviona vizuri, hivyo asiendeshe. Kama amewahi kuambiwa ana presha ya macho, aseme kabla ya matone.

Tafadhali msiondoke na jibu la "macho yako sawa" tu. Yaandikwe majibu ya kila jicho: hatua ya retinopathi (madhara ya kisukari kwenye retina), na kama makula, yaani sehemu ya katikati ya retina, imevimba. Bila hayo mwakani hakuna cha kulinganisha.

MwanaUluguru: Asanteni sana. Wakikuta tatizo ni lazima sindano ya jicho? Mama anaogopa mno.

Jicho_Kliniki: Si lazima. Hatua za mwanzo hudhibitiwa kwa sukari na presha. Sindano ni hasa pale makula imevimba na uoni wa kati umepungua. Jicho hutiwa ganzi ya matone, husafishwa kwa ayodini, kisha huchomwa dawa kama bevacizumab, mililita 0.05 tu. Mwanzoni hurudiwa kila mwezi, na hapa ndipo matibabu mengi yanaharibika: mgonjwa anachoma moja, anaona nafuu kidogo, harudi.

Ikiota mishipa mipya dhaifu, mara nyingi hupigwa leza kwenye kingo za retina. Hulinda uoni uliobaki, hairudishi uliopotea, na kuona gizani kunaweza kupungua kidogo. Mwambieni mapema asije akadhani leza imemharibu.

Muuguzi wa Macho: Naongezea: madoa meusi ya ghafla, mwanga kumetameta au kivuli kama pazia, hospitali siku hiyohiyo. Vilevile maumivu yanayozidi na uoni kushuka siku chache baada ya sindano, hayo yanaweza kuwa maambukizi ndani ya jicho. Na asitie asali wala maji ya majani machoni.