Ule mnara ukitoka eapoti ya Pulkovo, kuna nini pale?

mgeni_wa_neva:
Wakuu habari zenu. Nimeingia St Petersburg juzi kwa masomo, sasa wakati natoka eapoti basi likapita kwenye kipilefti kikubwa sana kina mnara umeandikwa 1941 na 1945 na masanamu ya watu, nikaambiwa ni ya waliolinda mji enzi za Hitler. Kuna ukuta wa mviringo nyuma yake umekatika, ni ubovu au ndivyo ulivyojengwa? Jumamosi nina nusu siku tu, niende pale au kuna pa maana zaidi?

baba_tunu:
Karibu sana mdogo wangu. Haujabomoka huo, ile ni pete ya mzingiro iliyokatwa, maana mji wa Leningrad (jina la zamani la St Petersburg) ulizingirwa na majeshi ya Hitler kuanzia tarehe 8 Septemba 1941, jeshi la Kisovieti likapenya Januari 1943 na mzingiro ukaondolewa kabisa 27 Januari 1944. Siku 872 hizo. Mnara ulifunguliwa 1975, una urefu wa mita 48, masanamu ni kazi ya mchongaji Anikushin. Ila usiishie juu ukapiga picha ukaondoka kama wengi wanavyofanya, shuka chini ya ardhi! Kule kuna ukumbi una taa 900 na unasikia metronomu tu, kile kifaa cha kupiga mdundo, tak, tak, tak. Wakati wa vita redio ikiwa haina matangazo iliachwa inapiga hivyo, polepole maana yake kumetulia, ikienda mbio ujue ndege zinakuja kimbilia handaki. Mimi nilisimama pale hadi miguu ikauma.

dada_wa_vasilievsky:
Naongezea la mkate. Kuanzia 20 Novemba hadi 25 Desemba 1941 mtoto au mzee alikuwa anapewa gramu 125 kwa siku, yaani nusu ya robo kilo, na unga wenyewe umechanganywa mashudu. Nilivyorudi hosteli nikachukua mkate wetu mweusi nikapima kwenye mzani, kipande kimekaa kwenye kiganja na vidole vyote vinaonekana. Nikawaza mama ana watoto watatu, nje baridi inakata, anakigawaje hicho mpaka kesho? Nililia jamani. Ukitoka na kumuona yule mama wa shaba amembeba mwanae aliyekufa, hutahitaji maelezo.

mgeni_wa_neva:
Asanteni sana, naenda. Nashukia wapi? Na nibebe nini, sitaki kwenda mikono mitupu.

baba_tunu:
Metro Moskovskaya, halafu tembea kufuata barabara kubwa kwenda kusini, usivuke juu magari ni mengi, pita njia ya chini. Maua mekundu yanatosha ila nunua mawili au manne, hapa idadi shufwa ndiyo ya marehemu, witiri wanapewa walio hai.

dada_wa_vasilievsky:
Na siku nyingine ukipata nafasi nenda makaburi ya Piskaryovskoye, wamelala watu karibu laki tano waliokufa enzi za mzingiro. Kule watu wanaacha hata kipande cha mkate kaburini, beba na wewe.