Boksi la kusachi halitanuki kwenye tulubaa

mdau_apu: Wakuu, tulubaa yangu ya Android (ule upau wa juu wa apu) ina boksi la kusachi na batani tatu, sasa nikilaza simu boksi linabaki kadogo vilevile na pembeni panabaki patupu, nafanyaje?

fundi_skrini: Upana umeuandika kwa namba, si ndio? Kama ni LinearLayout (ile inayopanga vitu kwenye mstari mmoja) ya kulala, weka upana 0dp (dp ni kipimo cha Android cha ukubwa kwenye skrini) na layout_weight 1, yaani mgao wa nafasi iliyobaki, kwa boksi peke yake, batani ziache wrap_content, yaani zitoshe kilichomo tu, boksi litameza nafasi yote iliyobaki.

kibodi_mbovu: Na batani usizibane chini ya 48dp jamani, watu wana vidole. Pakiwa finyu kabisa moja itupie kwenye menyu ya nukta tatu.

mdau_apu: Ile 0dp imekubali mkuu. Menyu naifanyia kazi kesho.