Naomba ushauri: kabari za kuzuia tela isiteleze, Goba

Wakuu, habari za leo. Tela ni ya kulala watu ndani (karavani), ekseli mbili, tairi 185R14C (kipenyo kama sm 65), inaegeshwa kwenye pevingi yenye mteremko kidogo. Mawe na matofali hayafai: tofali hupasuka, jiwe huviringika.

Kwa kipenyo hicho nataka kabari yenye kimo cha sm 16 hivi, yaani robo ya tairi. Swali ni mpira au plastiki? Plastiki ni nyepesi, lakini juu ya pevingi yenye mchanga huteleza, hasa mvua ikinyesha. Mpira mzito hushika, ila bei!

Pia kuna kabari za kukaza kwa skrubu katikati ya tairi mbili za upande mmoja. Hizo hupunguza mtikisiko, hazitoshi peke yake. Ukizikaza mchana wa jua, usiku tairi zikipoa hulegea. Mnazikaza tena saa ngapi?

Utaratibu uliopo: kabari nne, upande wa bondeni kwanza, ndipo tela itolewe kwenye gari. Jeki za pembeni mwisho kabisa. Kuna haja ya kabari nne zaidi?