Huyu ndege wa majarubani Bahi yupo kweli au ni wa hadithi tu?

Mwl_Majaruba:
Wakuu, habari za jioni. Mwenye uelewa wa ndege naomba anisaidie.

Nafundisha shule ya msingi huku Bahi na pembeni nalima mpunga. Juzi napita juu ya tuta kukagua maji, nusura nimkanyage ndege. Akachomoka miguuni kwangu na mlio mkavu kama kitambaa kinachochanwa, akaenda kwa kukata kona, kulia, kushoto, kisha akatumbukia kwenye nyasi za mbele. Nikaenda pale pale alipotua, sikuona kitu. Nilichowahi kukiona ni mgongo wa kahawia wenye michirizi ya manjano, na mdomo mrefu ulionyooka, mrefu kuliko anavyostahili ndege wa umbo lile.

Nilipowasimulia wanafunzi, mmoja akasema: "Mwalimu, huyo ni snaipi, hayupo. Ni wa kwenye katuni ya babu mwenye nyumba ya maputo." Mwingine ana kaka yake anasoma UDOM, naye kaambiwa ni utani wa Wamarekani. Darasa limegawanyika na Jumatatu wananisubiri. Je, yupo? Na kama yupo, imekuwaje watu wamfanye wa kubuni?

Mzee wa Hombolo:
Yupo, mwalimu. Huku chini ya bwawa tunawakuta sana mvua zikikolea. Mimi nataka kujua jambo moja tu: anakula mpunga? Vijana wanaoamia ndege wanampiga manati pamoja na kwelea kwelea.

Darubini_Dom:
Mzee wangu, shikamoo. Naanza na lako kwa sababu ndilo la haraka. Hali mpunga hata punje. Chakula chake ni nyungunyungu na viluwiluwi vya wadudu, anavitoa ndani ya tope. Ncha ya mdomo wake imejaa neva, na anaweza kuifungua ncha peke yake huku sehemu nyingine ya mdomo imefumba ardhini. Macho yamekaa nyuma sana kichwani, kwa hiyo hata akiwa amezamisha mdomo wote anaona anayemjia kwa nyuma. Naomba sana vijana wamwache. Shambani kwako ni mgeni asiyekula chako.

Mwalimu, ndege wako yupo, ndiye snaipi. Jenasi yake, yaani kundi lake kwa majina ya kisayansi, ni Gallinago. Kuna anayeishi Afrika mwaka mzima, Gallinago nigripennis, hasa kwenye vinamasi vya nyanda za juu, na kuna wanaokuja kwetu wakati Ulaya na Urusi ni baridi. Mmoja wa hao wageni, Gallinago media, ndiye ninayemheshimu kuliko ndege wote ninaowafahamu. Watafiti walimfunga vifaa vidogo huko Sweden, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba wengine walivuka hadi kilomita 6,800 kuja Afrika bila kutua, kwa mwendo uliofika kilomita 97 kwa saa. Ndege wa kukaa kiganjani! Leo yumo kwenye orodha ya walio karibu na hatari ya kutoweka, kwa sababu mabonde anayoyategemea yanakaushwa.

Ila huku kwetu yupo pia anayefanana naye, Rostratula benghalensis, ambaye ni wa familia nyingine kabisa. Huyo ana duara jeupe kuzunguka jicho, jike ndiye mwenye rangi nzuri na dume ndiye anayeatamia mayai. Akishtuka huruka taratibu, miguu inaning'inia, wala hapigi kelele. Wako alipiga kelele na kukata kona, kwa hiyo nasema ni Gallinago.

Sasa hadithi. Wanafunzi wako wote wawili wana sehemu ya ukweli. Marekani, tangu karne ya 19, mgeni kambini hupewa gunia, hupelekwa gizani na kuambiwa alishike wazi, wenzake watamswagia snaipi. Wenzake wanarudi kulala. Kwenye ile katuni, Up ya mwaka 2009, mzee Carl anamtuma mtoto Russell akamtafute snaipi anayekula maua yake, nia ni kumwondoa mlangoni. Baadaye mtoto anakutana na ndege mkubwa wa rangi rangi na kuamini kwamba ndiye. Yule mkubwa ndiye wa kubuni. Snaipi mwenyewe Marekani wanaye, Gallinago delicata, na watoto wengi waliofanyiwa mzaha ule wamekua wakiamini kwamba hayupo. Wanajeshi wa Uingereza waliokuwa India karne ya 18 walimjua vizuri zaidi: kumpiga kwa bunduki kulikuwa kugumu kiasi kwamba jina la mlengaji shabaha, yule tunayemwita snaipa, lilitoka kwake.

Lakini kwangu mimi kisa kizito ni cha sauti. Wakati wa kuzaliana dume hupanda juu sana jioni au usiku, halafu hushuka kwa kasi ametanua mkia, na manyoya mawili ya pembeni yanatetemeka kwa upepo. Inatoka sauti ya kutetema ambayo mfugaji yeyote wa Kigogo angegeuka kumtafuta mbuzi aliyepotea. Wafini, watu wa Finland, humwita mbuzi wa angani.

New Zealand walifika mbali zaidi. Wamaori, wenyeji wa asili wa kule, walisimulia juu ya hakawai, ndege mkubwa wa mbinguni ambaye watu walimsikia usiku bila kumwona. Waliokwenda visiwa vya kusini kuwinda ndege wa baharini walisikia ngurumo zikishuka gizani na wengine waliogopa kweli. Miaka ya 1980 mtafiti Colin Miskelly alikusanya masimulizi yao, akaonyesha kwamba aliyekuwa akinguruma ni snaipi mdogo wa visiwa vile. Panya walikuwa wameshaingia Big South Cape, kimoja cha visiwa hivyo, na wa mwisho wa aina ile walikufa mwaka 1964. Wazee waliosimulia hawakudanganya, walisikia walichosikia. Ndiyo maana inaniuma mtu akisema hayupo: kuna mahali ambapo kweli hayupo tena.

Mzee wa Hombolo:
Marahaba mwanangu. Manati nitayakusanya mwenyewe kesho.

Mwl_Majaruba:
Nashukuru sana, kaka. Naweza kuwapeleka watoto wakamwone? Nisije nikawaharibia wakulima mashamba.

Darubini_Dom:
Wapeleke asubuhi na mapema, kundi dogo dogo. Wapite juu ya matuta tu, kwa mstari mmoja, mbele atangulie mtu mzima. Atafute jaruba lenye tope laini na maji haba, kwenye maji mengi hamtampata. Akiruka msimfuate, angalieni anapotua, simameni, hesabuni mpaka mia. Mara nyingi huanza kula tena mkinyamaza. Nina darubini ya ziada, nicheki inboksi uniambie siku, nitapanda gari la asubuhi kutoka mjini.