Kompyuta ya mezani haiwaki kabisa baada ya umeme kurudi (Lamu)

Mkaa_Langoni

Assalam alaykum mafundi. Nina Dell OptiPlex 7010, ile kubwa ya kusimama, iko dukani Lamu mjini kwa kazi ya kuchapisha na kutoa kopi. Jengo linatazama bahari. Jana usiku umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena. Asubuhi nabonyeza kitufe, kimya. Feni haizunguki, taa ya mbele haiwaki hata ile ya rangi ya chungwa, hakuna mlio wowote. Monita na printa ziko kwenye ekstensheni hiyo hiyo na zafanya kazi. Mita ninayo, bisibisi ninayo. Nianzie kupima wapi kabla sijaagiza pawa saplai, kile kisanduku cha ndani kinachogawa umeme, kutoka Mombasa? Kitu kikifika huku kisha kikawa sicho, kukirudisha ni kazi nyingine.

Maweni_MLD

Pawa saplai hiyo imekwenda. Umeme ukirudi kwa kishindo hiyo ndiyo ya kwanza kufa. Weka nyingine usijisumbue.

Fundi_Mkomani

Waalaykum salaam. Huenda Maweni amesema kweli, lakini pawa saplai ni kitu cha kupima, si cha kukisia, na mita unayo.

Kwanza ya bure. Chomoa waya wa monita upande wa nyuma uutie kwenye kompyuta, kwani tundu zao ni sawa. Plagi zetu zina fyuzi ndani, na hiyo ikikatika kompyuta inakuwa kama maiti ilhali haina ugonjwa. Ikiwa bado, chomoa waya ukutani, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 30, iache dakika kumi, kisha uchomeke tena. Kinga ya ndani ya pawa saplai inapohisi msukosuko hujifunga, na haifunguki mpaka umeme wote uliobaki umalizike. Baada ya umeme wa kukatika na kurudi, hili pekee huziamsha mashine kadhaa.

7010 ina kitu kizuri: nyuma ya pawa saplai kuna kitufe kidogo cha kujipima na taa yake. Waya ukiwa umechomekwa, kibonyeze. Taa ya kijani ikiwaka, pawa saplai ina uhai. Isipowaka, chomoa zile plagi zote zinazokwenda kwenye madabodi (bodi kuu ya kompyuta), diski na DVD, ubonyeze tena. Ikiwaka sasa, basi kuna kitu ndani ya kasha kinachopiga shoti na kuivuta chini. Pawa saplai haina kosa.

Sasa mita. Iweke DC volti 20. Ncha nyeusi kwenye waya wowote mweusi, au kwenye bati tupu la kasha lisilo na rangi. Ncha nyekundu iingize kwa nyuma ya plagi kubwa ya pini 24, plagi ikiwa imekaa mahali pake. Anza na waya wa zambarau. Huo una volti 5 muda wote hata mashine ikiwa imezimwa, na ndio unaokipa kitufe uhai. Kati ya 4.75 na 5.25 ni salama. Ukipata 0, chomoa plagi na upime tena ikiwa nje: bado 0, pawa saplai imekufa, ikirudi 5, madabodi inakula huo umeme. Ukipata 3 au 4 na kitu, kapasita za ndani, zile zinazohifadhi umeme, zimechoka. Hilo ni la kawaida kwa mashine zilizokuja zikiwa zimeshatumika.

Zambarau ikiwa sawa, hamia kwenye waya wa kijani, ambao madabodi huutumia kuiomba pawa saplai iwake, na hapa ndipo penyewe. Mashine ikiwa imezimwa huonyesha volti kama 3 hadi 5. Mtu abonyeze kitufe huku wewe unatazama mita. Ikishuka karibu na 0 na feni isizunguke, madabodi imeomba na pawa saplai imekataa. Isiposhuka kabisa, ombi halijatoka. Usiiguse pawa saplai. Tazama kitufe, kebo yake, au madabodi yenyewe.

Na kwa jengo la kando ya bahari, fungua macho. Chumvi ya hewani huvuta unyevu na kukaa juu ya pini, na kutu yake ni ya kijani, kama ya sarafu ya zamani. Tazama pia mjusi kafiri. Hupenda joto la pawa saplai, huingia kwa nyuma, na akikauka kati ya pini mbili ndiye shoti mwenyewe.

Bandari_umeme

Naongeza la usalama. Pawa saplai isifunguliwe kabisa. Umeme wetu wa volti 240 ukishageuzwa mle ndani hufika kama 340 kwenye kapasita kubwa, na hubaki humo hata waya ukiwa mkononi mwako.

Ukitaka kuijaribu peke yake: itoe kwenye madabodi, chomoa ukutani, unganisha waya wa kijani na mweusi ulio jirani kwa kipande cha waya, acha feni moja au diski kuukuu kama mzigo, ndipo uchomeke ukutani. Njano iwe 11.4 hadi 12.6, nyekundu 4.75 hadi 5.25, chungwa 3.14 hadi 3.47. Halafu waya wa kijivu, ambao pawa saplai huutumia kusema umeme wake uko sawa na wengi huusahau: lazima upande kama volti 5 ndani ya nusu sekunde. Feni ikizunguka na kijivu kikabaki 0, hiyo pawa saplai ni mbovu japo inapuliza upepo.

Na kama mashine inashtuka mara moja kisha inazima, chomoa plagi ndogo ya pini 4 iliyo karibu na prosesa ujaribu tena. Feni ikiendelea kuzunguka, shoti iko kwenye saketi inayolisha prosesa. Kwa madabodi ya umri huo mimi singeitengeneza, ningetafuta nyingine.

Mkaa_Langoni

Shukrani. Taa ya nyuma ya kijani inawaka. Zambarau 5.08. Kijani 4.9, na kitufe kikibonyezwa haisogei hata kidogo. Niliigusisha kijani na nyeusi kwa kitambo, feni zikazunguka na picha ikaja. Betri ndogo ya saa iliyo kwenye madabodi nimeipima pia: volti 2.4.

Fundi_Mkomani

Basi fedha ya pawa saplai weka mfukoni. Kitufe na taa ya mbele hutumia kebo moja, ndiyo maana vyote viwili vimekufa pamoja. Ifuate kutoka mbele hadi kwenye madabodi, ichomoe, utazame pini. Safisha kwa spiriti ya asilimia 99 na mswaki laini, uache ikauke. Usinyunyize mafuta ya kulegeza kutu, yanaacha utando unaokamata vumbi na chumvi upya. Halafu weka mita kwenye mlio, upime kitufe chenyewe kwenye ncha za kebo: kibonyezwe kilie, kiachwe kinyamaze. Kisipolia, kitufe kidogo chochote cha kubonyeza kinachojiachia chenyewe kitafanya kazi hiyo.

Betri weka CR2032 mpya leo, 2.4 ni ndogo, mpya hutoa 3 na zaidi kidogo.

Maweni_MLD

Nakubali, kijani kimesema. Ila Mkaa, hiyo betri iangalie. Ukiibadilisha, mipangilio ya BIOS (programu ya madabodi inayoiwasha mashine) inaweza kurudi ya kiwandani, na Dell hizi kwa kawaida huiweka SATA, yaani njia ya kuunganisha diski, kwenye hali ya RAID On. Kama Windows yako iliwekwa kwa hali ile nyingine, AHCI, itakuletea skrini ya bluu na utadhani diski imekufa. Bonyeza F2 inapowaka, nenda kwenye SATA Operation, rudisha AHCI, rekebisha saa, uhifadhi. Na siku utakapokuja kununua pawa saplai kweli, 7010 ya kusimama hupokea ya kawaida ya ATX (umbo linalotumika kwenye kompyuta nyingi za mezani) yenye pini 24. 7020 na 9020 zina pini 8, HP EliteDesk 800 G1 ina pini 6, kwa hiyo mpigie picha muuzaji plagi yako kabla hajapakia.